Kuchagua rivolva fupi ya kubeba chini ya nguo: tathmini ya 642, LCR, K6s na wenzao

Jambo la kwanza ambalo watengenezaji wa rivolva ndogo (bastola ambazo risasi zake hukaa kwenye matundu ya silinda inayozunguka) hulitanguliza katika matangazo yao ni uzito, na ndilo hilo hilo linalowapotosha wanunuzi wengi. Bastola ya gramu 330 inavutia sana juu ya kaunta ya duka, kwa kuwa mtu akiitia mfukoni huisahau baada ya muda mfupi. Hata hivyo, silaha ya aina hii hainunuliwi ili isahaulike, bali inunuliwe ili siku mbaya ikifika iweze kutumiwa kwa usahihi na mkono unaotetemeka, na mkono ambao haujafanya mazoezi hauwezi kazi hiyo. Tathmini hii inaangalia rivolva kadhaa za risasi tano na sita zilizoundwa kwa ajili ya kubebwa kwa siri, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: ile iliyo nyepesi kuliko zote haimfai anayeanza, na kwa watu wengi inayofaa ni ya uzito wa kati, isiyo na nyundo ya nje (kile kipande kinachogonga risasi ili ilipuke), yenye triga, yaani kifyatulio, ambayo kidole kinaweza kuivuta mara nyingi bila mwenyewe kuanza kutafuta kisingizio cha kuondoka uwanjani.

Yote yanayofuata yanachukulia kwamba msomaji ana leseni ya kumiliki silaha, ana kibali cha kuibeba ikiwa imefichwa pale sheria inapokidai, na amefundishwa na mkufunzi anayetambulika. Ziko nchi zinazomkataza raia kabisa kubeba silaha kwa namna hiyo na ziko zinazoruhusu kwa masharti, na hakuna ubora wa chuma unaoweza kuziba pengo la karatasi.

Umbo la rivolva fupi ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Colt ilitoa Detective Special mwaka 1927, rivolva ya risasi sita yenye mtutu wa inchi mbili, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa silaha ya kawaida ya askari kanzu wa Marekani. Mwaka 1950 Smith & Wesson ikaja na Chiefs Special, iliyopunguza silinda hadi risasi tano ili unene upungue, na jina lake likatokana na mkutano wa wakuu wa polisi ilikoonyeshwa. Kutoka hapo ukazaliwa ukoo mzima unaojulikana kama J-frame. Mwaka 1952, kampuni ilipotimiza miaka mia moja, ikatoa Centennial, ambayo nyundo yake imefichwa kabisa ndani ya fremu. Mwaka 1955 ikafuata Bodyguard, ambayo nyundo yake imezungukwa na mabega ya fremu na kubakiza ncha ndogo tu ya kuivuta kwa dole gumba. Kisha mwaka 1965 ikatoka Model 60 iliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Nimeyataja haya kwa sababu anayeingia dukani leo anakabiliwa na maswali yale yale ya wakati huo: nyundo iwe nje au ndani, fremu iwe ya chuma au ya alumini, risasi ziwe tano au sita.

Swali la nyundo halinichukulii muda. Nyundo yenye pembe hunasa kitambaa wakati bastola inatolewa mfukoni, na kinachonasa hapo hakinasi siku ya mazoezi pekee. Aidha, nyundo ya nje inampa mtumiaji uwezo wa kuivuta nyuma kwanza na kuifanya triga iwe nyepesi mno, jambo linalofurahisha anayelenga karatasi na linalotisha mbele ya mtu ambaye huenda akageuka na kuondoka bila lolote kutokea, kwa maana kidole chenye hofu kinaweza kutangulia uamuzi. Isitoshe, nyundo ikishavutwa na hatari ikapita, mwenye bastola hubaki na kazi ya kuirudisha taratibu kwa dole gumba huku mikono ikimtoka jasho. Kwa silaha ya kubeba chini ya nguo, nyundo iwe ndani. Wanaotaka kinyume chake watapata LCRx ya Ruger, ambayo ni LCR, nitakayoieleza chini, yenye nyundo ya nje, na sina ugomvi nao mradi wanaibeba kiunoni na si mfukoni.

Nianze na Model 642 ya Smith & Wesson, kwa kuwa ndiyo ambayo karibu kila muuzaji huitoa kwanza. Fremu yake ni ya alumini, silinda na mtutu ni vya chuma kisichoshika kutu, mtutu una urefu wa inchi 1.875, yaani takriban milimita 48, na silinda inabeba risasi tano za aina ya .38 Special, zikiwemo zile za shinikizo kubwa zinazoandikwa +P. Uzito wake ikiwa tupu unazidi gramu 400 kidogo. Model 442 ni hiyo hiyo katika rangi nyeusi. Ukiishika utaona kwamba kila pembe imeviringwa, mgongo wake umepanda juu na kuziba mahali ambapo nyundo ingekuwa, na nundu hiyo inauwezesha mkono kushika juu sana, karibu na mstari wa mtutu, jambo linalopunguza kiasi ambacho mdomo wa bastola unaruka baada ya mlio. Silinda ina unene wa milimita 33 hivi, na huo ndio unene mkubwa kuliko sehemu nyingine zote. Mahali pengine bastola inazidi kuwa nyembamba, na ndiyo maana haichongi mstari wa wazi kwenye nguo kama inavyofanya bastola ya magazini, ile ambayo risasi zake hukaa ndani ya mpini, yenye pembe nne.

Shida ya 642 ni triga. Kuivuta kunahitaji nguvu ya zaidi ya kilo tano, ilhali bastola yenyewe haifiki nusu kilo. Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wanaopiga vizuri kwa silaha nyingine hutawanya risasi wakishika rivolva ndogo: kidole kinavuta kwa nguvu iliyo zaidi ya mara kumi ya uzito wa kitu kinachovutwa, na mkono usipokishikilia imara, mtutu unahama kabla ya nyundo kuanguka. Mvuto wenyewe huzidi kuwa mzito kadiri triga inavyorudi nyuma, kisha huachia ghafla. Mtu anaweza kuuzoea, na wapo wanaopiga kwa 642 kwa ustadi wa kustaajabisha, lakini ustadi huo hununuliwa kwa mazoezi mengi.

Kasoro ya pili ni vilengeo. Nyuma kuna mfereji uliochongwa juu ya fremu, mbele kuna kipande kidogo chenye rangi ile ile ya bastola, na kwenye mwanga hafifu viwili hivyo humezana na kuwa kitu kimoja cha kijivu. Smith & Wesson wenyewe walilikubali jambo hili kwa vitendo mwaka 2024, waliposhirikiana na msambazaji Lipsey's kutoa mfululizo wa Ultimate Carry, ambao una kilengeo cha mbele kinachong'aa gizani na cha nyuma chenye nafasi inayoonekana. Anayependa umbo la J-frame na ambaye bado hajanunua, autazame mfululizo huo kabla ya 642 ya kawaida.

Ruger LCR ilitoka mwaka 2009 na mwanzoni iliwachekesha watu, kwa kuwa sehemu ya chini inayobeba triga na mpini ilitengenezwa kwa plastiki ngumu. Kicheko kilikoma walipoivuta triga. Ndani yake Ruger waliweka mfumo unaopunguza msuguano ili uzito wa triga usizidi kupanda kadiri inavyorudi nyuma. Mvuto unabaki ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa hiyo mkono haushituki pale mwishoni. Kwa kipimo cha mizani tofauti na 642 si kubwa sana, lakini kwa kidole tofauti ni kubwa. LCR ya .38 Special ina fremu ya alumini, risasi tano na uzito wa gramu 383 hivi, na kilengeo chake cha mbele kimefungwa kwa pini, hivyo kinaweza kubadilishwa na kuwekwa cha rangi bila kumpelekea fundi kazi kubwa.

Yapo mawili ya kuangalia kwenye LCR. La kwanza, triga inaporudi mbele hutoa mlio mdogo kabla haijafika mwisho wake, na mtu aliyezoea bastola ya magazini, anayesikiliza mlio ili ajue kwamba anaweza kuvuta tena, atadanganyika na kuvuta mapema. Dawa yake ni kuiachia triga irudi mpaka mwisho kila mara, tabia ambayo kwenye rivolva yoyote ni ya lazima. La pili, mpini wa mpira unaokuja nayo ni mzuri mkononi lakini huing'ang'ania shati na bitana ya mfuko, kwa hiyo vazi hubaki limejikunja juu ya bastola na kuitangaza. Mpini mgumu na laini huteleza chini ya kitambaa, ila mkono hulipa gharama yake wakati wa kufyatua.

Hapa ndipo ninapotoa pendekezo ambalo wauzaji hulipokea kwa mashaka: LCR ya .357 Magnum, aina ya risasi yenye nguvu kuliko .38, lakini inayotumiwa kwa risasi za .38 Special. Kwa kuwa imejengwa kuhimili magnum, fremu yake ni ya chuma kisichoshika kutu na uzito wake ni gramu 485 hivi, yaani gramu mia moja zaidi ya ndugu yake. Gramu hizo mia moja mfukoni karibu hazionekani, lakini katika kiganja zinaondoa ule ukali wa teke unaomfanya mtu afumbe macho kabla ya mlio. Ikumbukwe kwamba risasi ya .38 Special huingia kwenye silinda ya .357, lakini ya .357 haipaswi kuingia kwenye ya .38, ganda lake lilirefushwa kwa takriban milimita tatu makusudi ilipobuniwa katikati ya miaka ya 1930, kwa sababu shinikizo lake la juu kabisa ni psi 35,000 (pauni kwa inchi ya mraba) ilhali la .38 Special ni psi 17,000. Anayetumia .38 mara nyingi kwenye silinda ya .357 asugue vizuri ndani ya matundu, kwani masizi hujenga pete mbele ya ganda fupi, na siku akitaka kuweka ganda refu litakwama njiani.

Sasa niseme juu ya nyepesi kuliko zote. Model 340PD ya Smith & Wesson ina fremu ya aloi ya alumini na skandiamu, silinda ya titani, risasi tano za .357 Magnum na uzito wa gramu 330 na ushei. Kama kazi ya uhandisi inastahili kuvuliwa kofia. Kama silaha ya kujifunzia ni adhabu. Kwenye mtutu wake yamechongwa maneno yanayokataza risasi yenye kichwa cha chini ya greni 120 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), na hata ukitii onyo hilo, bastola nyepesi kiasi hicho inaporudishwa nyuma kwa nguvu, risasi ambazo bado zimo kwenye silinda zinaweza kuanza kuchomoka kutoka kwenye maganda yake. Kichwa cha risasi kikisogea mbele vya kutosha, hutokeza nje ya silinda, silinda ikagoma kuzunguka, na rivolva, silaha ambayo sifa yake kubwa ni kutokwama, inakuwa imekwama kwa namna ambayo haitatuliwi kwa kuvuta triga tena. Silinda ya titani nayo haitaki kusuguliwa kwa kitu chochote kinachokwaruza, kwa kuwa juu yake kuna utando wa kuilinda. Wako wanaoibeba na kuipenda, wengi wao wakiwa watu waliokwisha kufyatua maelfu ya risasi kwa silaha nzito zaidi, na wakiijaza .38 badala ya magnum. Kwao ni chaguo halali.

Upande wa pili wa mizani ipo Kimber K6s, iliyotoka mwaka 2016. Hii ni ya chuma kisichoshika kutu mwili mzima, ina nyundo ya ndani, inabeba risasi sita za .357 na uzito wake ni gramu 650 hivi. Kinachoshangaza ni silinda: ina unene wa milimita 35 na ushei, yaani imezidi ile ya risasi tano ya J-frame kwa milimita mbili tu hivi, kwa sababu pande zake zimepunguzwa na kuwa bapa mahali ambapo chuma hakihitajiki. Triga yake ni laini, vilengeo vyake ni vya kweli, na kupiga nayo risasi hamsini za .38 mfululizo hakuumizi mkono wa mtu wa kawaida. Ila hii si ya mfukoni. Ukiitia kwenye suruali nyepesi itavuta upande mmoja chini na kuyumba wakati wa kutembea, na kila mwenye macho ataona. Mahali pake ni kiunoni, ndani ya mkanda imara, na hapo sioni inayoizidi kwa mtu anayetaka silaha moja ya kubeba na kufanyia mazoezi.

Colt ilirudi kwenye uwanja huu mwaka 2017 kwa Cobra mpya ya .38 Special, yenye risasi sita na uzito wa gramu 700 hivi. Ni imara na triga yake ni nzuri, ingawa nyundo yake ya nje inanirudisha kwenye malalamiko ya mwanzo. Ruger SP101, iliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, ni nzito na haina makeke, nayo huvumilia magnum mwaka baada ya mwaka, lakini inatoa risasi tano kwa uzito unaozidi ule wa K6s inayotoa sita. Taurus 856 inatoa sita kwa bei nafuu zaidi. Anayeichukua aikague kwa makini ile ile nitakayoieleza chini, na afyatue risasi za kutosha uwanjani kabla ya kuiamini.

Ziko tofauti ndogo za mkono ambazo hazionekani kwenye picha. Kwenye Smith & Wesson kitasa cha kufungulia silinda husukumwa mbele, kwenye Colt huvutwa nyuma, kwenye Ruger ni kitufe kinachobonyezwa ndani. Silinda ya Colt huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ya Smith & Wesson kinyume chake, na mtu asiyejua hilo akijaza risasi mbili tu kwa haraka anaweza kufunga silinda huku matundu matupu yakiwa ndiyo yanayofuata. Aliye na rivolva mbili za makampuni tofauti achague moja ya kubeba na aiache nyingine kabatini.

Kuhusu risasi, .357 kutoka kwenye mtutu wa inchi mbili ni moto mwingi na kelele nyingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya baruti huungua nje ya mtutu, na ndani ya chumba mlio huo ni jambo zito kwa masikio ya kila aliyemo. Kwa hiyo .38 Special inatosha. Zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa mitutu mifupi, kama Speer Gold Dot ya greni 135, ambayo ni ya +P, na kwa mikono isiyopenda teke ipo risasi ya kale ya shabaha, ile ya kichwa bapa cha greni 148, ambayo inakwenda polepole, inatoboa karatasi tundu la mviringo safi na haisumbui kiganja. Ubaya wake ni kwamba kichwa bapa hakijiongozi kuingia kwenye tundu la silinda wakati wa kujaza kwa haraka. Suluhisho jingine ni .32 H&R Magnum, iliyobuniwa mwaka 1984 na kusahauliwa kwa muda mrefu, kisha ikafufuliwa katika Model 632 ya ule mfululizo wa Ultimate Carry: kwa kuwa risasi yake ni nyembamba, silinda ya J-frame inabeba sita badala ya tano, na teke lake ni dogo. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa viungo au kiganja kidogo, ningeitaja hiyo kabla ya LCR ya .22 yenye risasi nane, kwani risasi za .22 huwashwa kwenye ukingo wa ganda na hugoma mara nyingi zaidi kuliko zile zinazowashwa katikati.

Sehemu ambayo rivolva fupi zote hushindwa kwa pamoja ni kujaza upya. Fimbo ya kutolea maganda lazima iwe fupi kuliko mtutu, na mtutu ni mfupi, kwa hiyo fimbo haiyasukumi maganda hadi nje kabisa. Mtu akiibonyeza taratibu huku mdomo wa bastola umeelekea chini, maganda hutoka nusu na kuninginia, na moja linaweza kuteleza chini ya nyota ya kutolea, kile kipande chenye umbo la nyota kinachoyanyanyua maganda, na kuikwamisha kazi yote. Namna sahihi ni kuelekeza mtutu juu na kuipiga fimbo pigo moja kwa kiganja, maganda yaanguke kwa uzito wake. Baada ya hapo, kifaa cha duara cha kujazia, kama vile cha HKS au Safariland, huingiza zote tano kwa mara moja lakini hujaza mfuko. Utepe bapa wa mpira hukaa vizuri mfukoni lakini huingiza mbili mbili. Mimi naona utepe unafaa zaidi, kwa sababu kifaa cha duara kinachoachwa nyumbani kwa kuwa ni kinene hakijazi chochote.

Ala si nyongeza bali ni nusu ya ununuzi. Rivolva nyingi za aina hii hazina kitasa cha usalama cha nje, na kinachozuia ajali ni uzito wa triga pamoja na ala inayoifunika triga yote. Kwenye mfuko wenye bastola kisiwepo kitu kingine, si ufunguo, si kalamu, si sarafu. Ala nzuri ya mfukoni ina uso wa nje unaokwaruza ili ishikwe na bitana na ibaki mfukoni bastola inapotoka. Ala inayotoka pamoja na bastola irudishwe dukani. Ya kiunoni iwe ngumu mdomoni, isibonyee bastola inapotolewa, ili kuirudisha kusihitaji mkono wa pili wala kuelekeza mtutu mwilini. Ala ya kifundo cha mguu inamfaa anayekaa kwenye gari kutwa, na kwa wengine wote ni ya kuchelewesha. Mkoba wa begani ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, kwa kuwa mkoba huwekwa chini, husahaulika kwenye kiti na huchezewa na watoto. Triga nzito si kinga dhidi ya mtoto mwenye mikono miwili, na bastola isiyokuwa mwilini mwa mwenyewe mahali pake ni kwenye kisanduku kinachofungwa.

Anayenunua, hasa iliyokwisha kutumika, aombe ruhusa ya kuikagua. Kwanza silinda ifunguliwe na matundu yote yaonekane kuwa matupu, kwa macho ya mnunuzi na ya muuzaji. Kisha, mtutu ukiwa umeelekezwa mahali salama, avute triga taratibu na aishikilie nyuma: silinda iwe imefunga, na ikitikiswa kwa vidole isicheze ila kidogo sana. Arudie kwa kila tundu, kwa maana lililo bovu huwa moja. Aangalie mwanga kati ya silinda na mtutu. Pengo liwe jembamba na sawa, karibu robo ya milimita au chini yake, na silinda isisogee mbele na nyuma. Pengo hilo pia ndilo linalotoa gesi ya moto kila risasi inapotoka, kwa hiyo vidole vya mkono wa kushoto visikae kamwe pembeni mwa silinda, kosa linalowapata hasa waliozoea kushika bastola za magazini. Mwisho amulike mwanzo wa mtutu atafute ufa, na aangalie kama skrubu zimeharibiwa vichwa na fundi wa mtaani.

Mkono mdogo uichukue LCR ya .357 kwa .38, au 632. Anayebeba kiunoni na kupenda kupiga shabaha aichukue K6s. Anayelazimika kubeba mfukoni kwenye nguo nyepesi kabisa aichukue 642 au 442, na akubali kazi ya kuizoea triga yake kwa mazoezi makavu ya risasi bandia, bila risasi hai hata moja chumbani. Yeyote atakayechagua mfuko aikague bastola mara kwa mara kwa tochi: vumbi la kitambaa hujikusanya chini ya nyota ya kutolea maganda na mbele ya silinda, na chembe chache za baruti isiyoungua mahali hapo zinatosha kuifanya silinda isifungike. Mswaki mkavu chini ya nyota hiyo, silinda ikiwa wazi na mtutu ukitazama juu ili takataka zisianguke ndani ya fremu, huimaliza kazi hiyo.